Ukili na Uradi Nyumbani kwa Mavyaa

Hapana, sikulia. Najua hamjaniuliza bado, lakini mtaniuliza, kila mtu huniuliza nikifika hapo, kwa hiyo tulitoe njiani mapema. Mume wangu alikufa na mie sikulia. Si siku ile, si siku ya maziko, si kwenye hitima. Macho yalikuwa makavu kama haya mnayoyaona, ila wakati ule yalikuwa mazuri.

Ilikuwa Makorora, Tanga mjini, Mwingereza bado yupo, mkonge una bei na bandarini kazi tele. Mume wangu alikuwa akibeba marobota ya mkonge, wanapakia kwenye matishari yaende melini. Akaondoka asubuhi mzima, akarudi anatetemeka, akalala, na homa ile haikumwachia tena. Mtoto hatukujaaliwa. Nyumba ilikuwa ya mama yake, na yeye ndiye mwanawe wa pekee. Basi akatuacha wawili, mie na mavyaa wangu, kila mtu na chumba chake, ua mmoja, jiko moja.

Kwenye matanga watu walijaa mpaka barazani. Wanawake wa mtaa wetu kwa kulia hawana mpinzani. Alikuwepo jirani mmoja, mwanamke mnene lakini sauti nyembamba kama ya kifaranga, akaingia mlangoni huku anaanza: "Uwii, mume wetu katuacha, uwii, mume wetu." Nikamtazama. Nikawaza, mume wetu, tangu lini tukawa wawili. Nikataka kucheka, na kucheka nako kukakataa. Akaja kuketi karibu yangu, akanyamaza ghafla, akaninong'oneza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama tuko sokoni: "Mwenzangu, lia kidogo, watu wanakutazama. Nina kitunguu hapa kwenye khanga, nikupe?" Nikamwambia niachie tu. Akarudi kwenye uwii yake pale pale alipoiachia.

Sikuwa na uchungu, wala sikuwa na furaha. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha, unauona ni wako lakini ukiugusa hausikii. Chakula kilikuwa hakina ladha. Natia chumvi, nasahau, natia tena, nakula, naona sawa. Mavyaa anatema.

Sasa sikilizeni huyu mavyaa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, tambuu haimtoki kinywani, na maneno yake yote yalikuwa yanapita pembeni mwa tambuu. Hasemi mengi. Matanga yalipovunjwa, jamaa zake wakakaa naye uani wakamwuliza, sasa bibi wewe utaishi na nani, na huyu mkaza mwanao tumfanyeje. Mie niko ndani, nasikia kila kitu, mlango wenyewe wa makuti. Mavyaa akahamisha tambuu shavu hili kwenda shavu lile, akasema: "Nitakaa na anayemlilia mwanangu. Asiyemlilia, eda ikiisha aende kwao."

Basi. Hukumu ndiyo hiyo. Na kwetu ndiyo wapi? Mkwaja, kwa kaka yangu, nyumba ya vyumba viwili imejaa watoto, na wifi ambaye hata chumvi anaificha. Makorora nilikuwa nimezoea. Najua gizani kata ya maji iko wapi. Najua upande gani wa nyumba hauvuji. Mtu asiyesikia kitu, jamani, anachobaki nacho ni mazoea, na mie nilitaka kubaki na yangu.

Nikakaa eda. Hutoki, huonani na wanaume, huna la kufanya. Mchana unakuwa mrefu. Aliyekuwa akija kunitazama ni bibi mmoja wa Kipemba, alikuja Tanga kumfuata binti yake aliyeolewa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Bibi huyu alikuwa anasemea puani, polepole, na kila kiumbe kwake ni "mwanangu". Mie mwanangu, mavyaa mwanangu, mbuzi akiingia uani, "toka mwanangu". Akakaa siku hiyo ananiangalia. Akaanza.

"Waswali?"

"Naswali, bibi."

"Ukesha kuswali wafanya nini?"

"Nakunja mswala."

"Ah. Hapo sasa. Umekwenda kwa mtu, umebisha hodi, umefunguliwa, umetoa salamu, kisha huyoo umeondoka. Hata hujaketi. Keti, mwanangu."

"Niketi nifanye nini?"

"Uketi. Umtaje. Usiombe kitu, taja tu. Moyo wako umekufa ganzi, utalainika wenyewe. Ukilainika utalia. Ukishalia utapona."

Nikamwambia tasbihi sina, na chuoni mie nilifika alifu na bee tu, halafu nikatolewa kwenda kuamia ndege kwenye mpunga. Hizo nyuradi ndefu sizijui. Akanitazama mikono.

"Kusuka wajua?"

"Najua."

"Basi tasbihi waitaka ya nini?"

Akanielekeza. Nikishaswali alfajiri, nisikunje mswala. Nichukue miyaa yangu, zile chane za ukindu, nikae hapo hapo, nianze kusuka ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka. Mwaa mmoja ukivuka mwenzake, Subhanallah. Mwingine ukivuka, Alhamdulillahi. Wa tatu, Allahu akbar. Kisha narudi mwanzo. Mpaka jua lifike kwenye kizingiti, ndiyo naacha. Kesho hivyo hivyo. Hakuna zaidi. Mtoto mdogo angeweza.

Nikaanza kesho yake. Miyaa nimeiroweka tangu jioni, imelainika, ina ile harufu yake ya majani na maji. Nikakaa. Subhanallah, Alhamdulillahi, Allahu akbar. Niseme ukweli, sikusikia kitu. Nilikuwa namtaja Mwenyezi Mungu kama unavyomtaja jirani ukipita mlangoni kwake, jina lake unalijua, ndani huingii. Jua likafika kizingitini, nikaacha, nikaenda kuwasha moto.

Bibi wa Kipemba akija ananiuliza kwa ile pua yake, "Haya, umelia?" Kama mtu anayemwuliza mgonjwa kama amekwenda choo.

"Bado."

"Endelea, mwanangu."

Nikaendelea. Mikono ikashika kazi yenyewe, mdomo ukashika kazi yenyewe. Nikawa nafagia, mdomo unakwenda. Naosha vyombo, unakwenda. Mwenye sauti ya kifaranga akapita siku moja akanikuta hivyo, akatoka akatangaza mtaa mzima: "Jamani, mke wa marehemu kawa walii, midomo haimtulii." Kesho yake akaja na kikombe cha maji, mjukuu wake hachezi wala hali, nimtemee mate ya baraka. Nikamwambia, mama, hiki kinywa hakijapiga mswaki. Akasema hata hivyo. Nikamtemea. Mtoto akapona au hakupona, sikuuliza.

Mavyaa alikuwa anatazama tu. Mwanzoni kutoka mlangoni kwake. Nasuka, namwona kwa pembeni, tambuu inahama. Halafu asubuhi moja akatoka na miyaa yake mwenyewe, ile ya rangi aliyokuwa ameiweka miaka, akaweka mkeka kando yangu, akakaa. Akaanza kusuka, na midomo yake nayo ikaanza.

Hapo nilidhani mambo yamekuwa mazuri. Nyumba ile ilikuwa haijawahi kutukalisha pamoja. Mume wangu alipokuwa hai, kila mmoja wetu alikuwa anamngoja kivyake, yeye na uji wake, mie na wali wangu. Sasa tukawa tunakaa bega kwa bega kila asubuhi, kunguru wanalia juu ya bati la jirani, sie tunasuka. Mtu angepita angesema mama na mwanawe. Nikajiambia, hata nisipolia, huyu amenizoea. Na kuzoeana kwangu mie kulitosha.

Yeye alikuwa analia. Si kwa sauti. Anasuka, machozi yanashuka, yanaanguka kwenye miyaa, hafuti. Mwaa unamponyoka, anaurudisha. Anasahau kuongeza mwingine ule unapokwisha, ukili unapungua upana, anastuka, anaongeza wawili kwa mpigo, ukili unavimba. Mwanamke ambaye mikeka yake ilikuwa inatafutwa mpaka Moa huko, watu wanaagiza ya harusi. Nilikuwa nikiona natamani kumsaidia, lakini utamwambiaje mavyaa kwamba ukili wake umepinda.

Asubuhi moja, katikati ya kusuka, akasema, pembeni mwa tambuu: "Uji alikuwa anaupenda wa moto. Unaunguza ulimi na bado anaunywa."

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Nikimwambia subiri, hasubiri."

"Ndiyo, mama."

Akaacha kusuka. Akanitazama. Mie nikadhani ananitazama uso, nikauinamisha kwa heshima. Kumbe alikuwa anatazama mikono. Mikono yangu haikuwa imesimama. Mwaa unavuka, Subhanallah, unavuka, Alhamdulillahi. Akaitazama muda, kisha akarudi kwenye ukili wake. Kesho yake akaja akakaa kama kawaida. Kwa hiyo sikulifikiria tena.

Jambo moja nalo niliseme. Siku za mwisho mwisho za eda, nilionja uji wangu nikasikia chumvi. Chumvi tu. Nikaonja tena, naam, chumvi. Nikakaa na bakuli mkononi nikiisikia ile chumvi mpaka ikanipotea. Bibi wa Kipemba alipokuja na swali lake, umelia, nilitaka kumwambia hilo la chumvi. Nikaona ni dogo mno. Nikasema bado. "Endelea, mwanangu." Sijui angesema nini.

Eda ikaisha. Nikaogeshwa, nikavishwa khanga mpya, wanawake wakaja wakala, wakaondoka. Kesho yake kaka yangu akafika kutoka Mkwaja. Huyu kaka yangu Mungu alimpa sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto na hakumpa nyingine. Hata kunong'ona kwake kunasikika kwa jirani. Akaingia uani, viatu mkononi, matope mpaka magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Tunawapa pole nyingi, mama, tunawapa pole nyingi. Ndiyo kazi ya Mungu. Dada, umekonda. Hamna chakula Tanga?"

Mavyaa akammiminia kahawa kutoka birika lililokuwa kando yake. Sie wawili tulikuwa bado mikekani, ilikuwa asubuhi, jua halijafika kizingitini, na mie sikutaka kuacha mbele ya mgeni maana mavyaa naye hakuacha. Kaka anakunywa kahawa kwa kelele, macho yanazunguka. Akaona ukili wangu umeviringwa, umekuwa mkubwa kama gurudumu la baiskeli. Akaunyanyua. Huyu anaijua kazi hii, marehemu mama yetu ndiyo ilikuwa shughuli yake. Akaukunjua, akaupitisha kati ya vidole, pima baada ya pima, mpaka ukafika mlangoni na kurudi.

"Wallahi, dada," akasema, na nadhani barabarani walimsikia. "Huu umenyooka. Hauna tundu hata moja. Mama yetu mwenyewe angeutaka huu. Ulikuwa unasuka kwa kufuata kamba?"

Nikainamisha kichwa. Sikuwa nimesifiwa na mtu siku nyingi.

Akauweka, akashika wa pili, uliokuwa kando. Akaukunjua nao. Hapa mwembamba, pale umevimba, hapa jicho limebaki wazi unapitisha kidole. Akacheka, maana ndivyo alivyo, hana ubaya.

"Na huu je? Huu kasuka mlevi gani?"

"Mimi," mavyaa akasema.

Kaka akauweka chini polepole. Akafuta mikono kwenye shuka yake kama aliyeshika kitu cha mwenyewe. Akaona afadhali aingie kwenye lile lililomleta.

"Sasa, mama. Sie tumekuja kusikiliza. Eda imeisha, salama, alhamdulillahi. Wewe ndiye mkubwa. Dada yangu mwenyewe aliniletea salamu kwamba yuko radhi kukaa hapa akutunze, na nimeona mnavyokaa, mnamtaja Mungu pamoja, ni jambo zuri sana. Abaki, au niondoke naye?"

Mie mikono ilikuwa bado inakwenda. Nilijaribu kuisimamisha ikasimama, nikamtazama mavyaa usoni, kitu ambacho sikuwa nimekifanya kwa miezi ile yote tuliyokaa bega kwa bega. Macho yake yalikuwa mekundu na makavu. Alitoa tambuu kinywani kwa vidole viwili. Sikuwahi kumwona akiitoa kwa ajili ya kusema.

"Mchukue," akamwambia kaka yangu. "Mie nilikuwa naomba. Yeye alikuwa anasuka."