Kaptula ya Kipa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Dobi alinipa aproni nyeupe na kuniambia nisiguse mashine yoyote kwa wiki nzima. Nilidhani ananidharau. Mimi nilifua nguo za nyumba nzima kule Bukavu tangu nina miaka saba, na sasa mama huyu mnene, miwani yake imefungwa kamba shingoni, ananiambia nisimame mezani ninuse. Ndiyo, ninuse. Kazi ya kwanza ya dobi ni kuchambua: unafungua fuko, unamwaga nguo mezani, unatenga nyeupe na za rangi, na unalitambua kila doa kabla halijaguswa na maji. Damu inataka maji baridi. Mafuta yanataka moto. Ukikosea, doa linaganda na halitoki tena. Pua inajua mapema kuliko macho, na ilinichukua wiki nzima kukubali hivyo.

"Hapa utaona mambo ya watu," aliniambia kwa Kifaransa cha polepole alichotutengea sisi wageni. "Nani anakunywa, nani mgonjwa, nani analala peke yake. Saa kumi jioni ukivaa koti lako, unayaacha yote hapa mezani. Umenielewa, madame?"

Nikasema nimeelewa. Kwa miaka kama minne nilimtii.

Nyinyi mnaofua kwa kubonyeza kitufe na kwenda kulala mtanisamehe nikiwaeleza kidogo. Kiwanda chetu cha udobi kilikuwa Berchem-Sainte-Agathe, jijini Brussels, nyuma ya majengo ya kupanga, na mimi na mume wangu tulikaa Evere, upande mwingine kabisa wa jiji. Nilikuwa nimeshachoka kabla sijafika. Kutoka meza ya kuchambua nilipelekwa kwenye mashine, chini ya Msimamizi wa Mashine, mzee aliyezungumza zaidi na mashine zake kuliko na sisi. Kisha nikapelekwa kwenye rola, ile pasi kubwa ya silinda inayomeza shuka limekunjamana huku na kulitoa limenyooka kule. Rola ilinichoma mkono mara mbili, alama ninazo bado. Mwishowe, katikati ya miaka ya tisini, Mkuu wa Dobi akanipa meza ya michezo.

Meza ya michezo ilikuwa Jumatatu. Vyuo vingi vya Brussels vilivyocheza mashindano ya wanafunzi vilileta jezi zao kwetu, kila timu fuko lake, matope na yote. Hivyo ndivyo mpira ulivyonipata, mimi ambaye sikujua kuotea ni nini, na kusema kweli sijui hadi leo. Lakini jezi niliijua. Kola iliyovutika ni ya mchezaji mwenye mbio, maana asiye na mbio hakuna anayemvuta. Goti la kijani ni la beki anayeteleza chini. Jezi yenye chumvi nyeupe mgongoni ni ya mtu anayechoka mapema. Na kaptula yenye matope makalioni tu, huyo anapenda kujiangusha ili refa amhurumie.

Sasa niwaambie juu ya mume wangu. Papa Kalenga ni mtu wa Lubumbashi, na kule alikuwa fundi mkuu wa reli, na watu chini yake. Brussels alipiga deki kwenye korido za ofisi kabla wenye ofisi hawajafika, na aliondoka kabla hawajamwona. Wiki nzima hakuna aliyemuuliza anaonaje jambo lolote. Ila Jumapili, baada ya misa, katika kiduka cha chakula pale Chaussée de Wavre, mashabiki wa timu ya chuo kimoja kilichokuwa na vijana wengi wa kwetu walikutana kumpima mpinzani wa wiki inayokuja. Pale mume wangu aliitwa Président. Tonton Prosper, rafiki yake wa tangu shule, alikuwa katibu, na daftari alikuwa nalo. Cha kuandika ndicho hakuwa nacho, maana walichojua juu ya wapinzani kilikuwa uvumi mtupu.

"Ule namba neuf yabo," tonton Prosper alisema Jumapili moja, "banasema ni mubaya sana. Juzi alifunga trois, tatu yeye peke yake."

Nilikuwa natoa miiba ya samaki, nikacheka bila kufikiri. "Namba neuf? Jezi yake inarudiaka safi. Naweza kuikunja bila kuifua. Ule mutoto hakimbiake, anangojea tu mupira imufuate."

Prosper akafungua ukurasa mpya.

Wiki ile waliwaambia vijana wamkabe namba tisa asipate mpira miguuni, na tukashinda. Tangu siku hiyo kila Jumapili walinisubiri mimi. Nilikuwa nimelivunja neno la Mkuu wa Dobi, na nilijua nimelivunja. Nilijitetea moyoni kwamba matope si siri ya mtu. Sababu yenyewe ilikuwa nyingine. Prosper alipomwambia mume wangu, "Président, bibi yako ni professeur," Papa Kalenga alikaa wima kitini, na ndani ya basi la kurudi Evere alinisimulia mkutano wote upya, kana kwamba sikuwepo. Nilimpenda sana katika basi lile.

Msimu mmoja vijana wetu wakafika fainali, mara ya kwanza. Mpinzani alikuwa chuo ambacho kipa wake alikuwa hajafungwa mechi nyingi. Mashabiki hawakuzungumza kitu kingine. Kipa, kipa, kipa.

Nguo za kipa huyo zilikuwa mezani kwangu. Jumatatu tatu mfululizo kaptula yake ilikuja vilevile: kushoto matope hadi kiunoni, kulia safi. Nikaigeuza ndani nje. Upande wa kulia, penye nyonga, palikuwa na kipande cha taulo kilichokunjwa na kushonwa kwa uzi mweusi, mishono mikubwa iliyopinda, ya mkono wa mwanamume. Kilikuwa na damu na harufu ya dawa ya kupaka. Hapakuhitajika uprofesa. Kipa hakuwa anaangukia kulia kwa sababu kulia palimuuma.

Sitawaficha, nilifurahi. Niliuona tayari uso wa Papa Kalenga siku ya Jumapili.

Alhamisi yake, aliyekuja kuchukua fuko hakuwa dereva wa chuo kile bali kijana mrefu, mwembamba, aliyeegemea kaunta akiupumzisha mguu wa kulia. Alinisikia nikimwita mwenzangu kwa Kiswahili.

"Shikamoo, mama."

Vijana wetu wa Kongo wananiambia bonjour maman. Shikamoo nilikuwa sijaisikia muda mrefu, nikachelewa kuitikia. "Marahaba, mwanangu."

"Samahani mama, ile kaptula ya kipa. Kuna kitambaa ndani. Please, msikitoe. Na kocha akiuliza, hamjakiona."

"Ulienda kwa munganga?"

"Nilienda. Ni ngozi tu imechubuka, ila kila weekend kaptula inaikwaruza palepale, haipati nafasi ya kupona. Daktari anasema nikipumzika mwezi itafunga yenyewe." Akashusha sauti. "Final ni wiki ijayo, mama. Nikimaliza mitihani narudi Mwanza, sitacheza tena huku. Na kocha ana kipa mwingine, anatafuta sababu tu."

"Weye mwenyewe njo ulishona?"

"Inaonekana, eh?" akasema, akacheka kwa aibu.

Hakujua mimi ni mke wa nani. Kwake nilikuwa mama wa dobi tu, na mama wa dobi haambii mtu. Hilo ndilo lililonichoma. Nilimwambia arudi kesho, kaptula haijakauka. Ilikuwa imekauka.

Niliipeleka nyumbani ndani ya mkoba, jambo ambalo kazini lingeweza kunifukuzisha. Papa Kalenga alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nikatoa kitenge changu cha bluu chenye vifaranga vya njano, kile alichoninunulia Chaussée de Wavre kwa mshahara wake wa kwanza, nikakata ukanda mrefu kwenye upindo. Pamba iliyofuliwa miaka mingi haikwaruzi kidonda. Ndani nikaweka tabaka mbili za sufi, masalio ya kitambaa kinachovishwa silinda ya rola, laini na nene. Nikafumua taulo lake na uzi wake mweusi, nikashona upya, mishono midogo, nikarudia mara mbili pembeni. Kitenge changu kilibaki kifupi kwa upana wa vidole vinne. Mume wangu hakuuliza, nami nikashukuru kwamba wanaume hawaoni mambo hayo.

Jumapili wakanisubiri kama kawaida. Niliwapa mabeki, niliwapa viungo, nikawaambia namba saba anachoka mapema. Prosper aliandika kurasa mbili.

"Na kipa?" mume wangu akauliza. "Kipa iko namna gani?"

"Ni muzima," nikasema. "Matope iko pande zote mbili."

"Donc hakuna kitu?" Prosper akauliza.

"Hakuna."

Papa Kalenga aliniangalia kidogo, kisha akafunga daftari la Prosper kwa mkono wake. "Bon. Tutacheza mupira, basi." Nilikuwa nimemnyang'anya mtu wangu kitu kimoja alichokuwa nacho katika mji ule, nikampa kijana nisiyejua hata jina lake.

Fainali ilichezwa Jumamosi, mvua nyepesi ikinyesha, katika uwanja mdogo pale Evere. Mume wangu alisimama nyuma ya goli la kipa yule kipindi chote cha pili, ngoma kiunoni. Mimi nilikuwa hatua chache kando, nimekumbatia thermos ya kahawa. Hakuna aliyefunga, ikawa penalti kwenye goli lilelile. Nahodha wetu akaja mbio hadi kamba.

"Papa Président, tupige upande gani?"

Nikaibana thermos kifuani. Papa Kalenga alivua kofia, akajifuta uso polepole, akaivaa tena.

"Mupige vile munajua, batoto yangu."

Mbili za kwanza walipiga kushoto kwa kipa, akazidaka zote mbili. Ya tatu ilikwenda kulia, na yeye akasimama tu akiitazama ikipita. Nilifikiri sasa wote wamejua. Lakini hesabu ilikuwa imeshatukalia vibaya, tukashindwa. Vijana wetu walilia kama watoto, na Président wao akapita akiwashika mkono mmoja mmoja. Alimshika na kipa pia, akachelewa kumwachia. Njiani kurudi aliuliza jambo moja tu, iwapo maharage ya jana yamebaki. Timu ile haikufika fainali tena.

Kazi iliendelea. Mkuu wa Dobi alistaafu, na baada ya wengine wawili aproni yenye mfuko wa kalamu, ambayo ndiyo cheo chenyewe, nikavalishwa mimi. Wageni waliokuja niliwaweka wiki nzima mezani wakinusa, na nilijua wananichukia. Niliwapa maneno ya yule mama vilevile, yale ya koti na meza. Nilikuwa nimeelewa kwa nini aliyasema. Anayekuletea nguo chafu anakuletea pale alipo dhaifu, na wala hakuombi ahadi. Mashine siku hizi zinapima zenyewe maji na sabuni. Hilo la kutunza siri bado ni la mtu, na ndilo nilitaka mlichukue kutoka kwangu hata kama mengine mtayasahau.

Siku niliyostaafu walinikatia keki. Nilifika nyumbani mchana, jua likiwa bado dirishani. Papa Kalenga, ambaye tangu aache kazi ndiye mpishi wetu, alikuwa mezani akichambua maharage. Niliketi mbele yake bila kuvua koti. Nilikuwa nimeubeba mzigo ule miaka mingi, na nikaona siwezi kuanza kuzeeka nao.

"Papa Kalenga, ile finale. Kipa hakukuwa anaangukia kuume. Nilijua, na nilikudanganya."

Hakuinua kichwa. Alitupa kokoto moja kando ya sahani.

"Kikwembe ya bleu," akasema. "Ya batoto ya kuku."

Nikamuuliza alikiona wapi.

"Deuxième mi-temps, mu kipindi ya pili, aliruka, kaptula ikapanda. Nikaona batoto ya kuku ya njano. Nikajiuliza, kikwembe ya bibi yangu inafanya nini mu kaptula ya ule kijana?" Akacheka hadi akakohoa. "Kwa minute moja nilitaka kuingia mu terrain."

"Alafu?"

"Alafu nikaangalia vile anaangukaka. Nikakuangalia weye na ile thermos yako, unaibana sawa mutoto. Nikaelewa yote."

"Lakini batoto balikuja kukuuliza. Ungebaambia tu."

Ndipo akainua macho, akaniangalia kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Ningebaambia bapige wapi, maman? Bapige pale weye ulishashona?"

Nikavua koti. Nikavuta nusu ya maharage upande wangu wa meza, tukaendelea kuchambua.