Mbegu ya Asali

Nyumbani kwa Rosa, Kagerankanda, kilikuwapo chumba kimoja ambacho hakikuwashwa moto wala kuingiwa na jua. Humo zilikaa ndoo za asali mwezi wa sita na wa saba, wakati baridi inapoingia mifupani na watu wanakwenda shambani na makoti. Mumewe, Tharsisi, alikuwa mrina asali. Alijua miti yote ya miyombo yenye mizinga yake, na kazi yake iliishia mlangoni mwa chumba kile. Kukamua masega, kuchuja na kuifanya asali igande vizuri ilikuwa kazi ya Rosa, aliyofundishwa na mama mkwe wake, Mpawenimana.

Mpawenimana alikimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa mke mchanga, amebeba mtoto mgongoni na kibuyu cha asali iliyoganda mkononi. Njiani waliilamba ili wasife njaa. Kilichosalia walipovuka mto Malagarasi kilikuwa kidogo tu, kimeng'ang'ania kuta za kibuyu, na hicho alikataa kisiguswe. Mumewe alipopata mizinga huku ugenini na kuleta asali ya kwanza, Mpawenimana alikikwangua kile kidogo akakikoroga ndani ya ile mpya. Ikaganda nyeupe, laini kama siagi, vilevile ilivyokuwa ikiganda kilimani kwao.

Tangu hapo, kila mwaka aliweka chupa moja ya akiba, na mwaka uliofuata akachota upawa mmoja kwa kila ndoo. Akiba hiyo aliiita mbegu. Uzeeni alikuwa akiweka kidogo kwenye ulimi, anafumba macho, na kutaja majina ya vijito vya kwao kimoja baada ya kingine. Rosa, aliyezaliwa Tanzania na wazazi waliokuja kwa njia ileile, hakupata kuviona vijito hivyo. Lakini aliyajua majina yake yote.

Mpawenimana alipofariki, chupa ikabaki mikononi mwa Rosa.

Ndipo alipokuja Abbasi, mwalimu wa sayansi kutoka Lindi, aliyepangiwa shule ya sekondari ya jirani. Alipanga chumba kwao. Kijana mpole, mwenye kuvaa sweta hadi saa sita mchana. Asubuhi ya kwanza Rosa alimwekea viazi vitamu na kisahani cha asali. Abbasi aliigusa kwa kijiko, akaitazama.

"Mama, samahani. Hii mmechanganya na sukari?"

Tharsisi aliinuka akatoka nje. Rosa akacheka.

"Wageni wote huuliza hivyo, mwalimu. Tutakaporina, njoo uone mwenyewe."

Walirina mwezi wa sita. Abbasi akaja kusimama mlangoni mwa chumba cha baridi, akamkuta Rosa anatia mbegu na binti yake, Ange, anakoroga kwa mwiko mrefu. Ange alikuwa amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani anasubiri aone maisha yatampeleka wapi. Abbasi alitazama kwa muda mrefu.

"Sasa nimeelewa," alisema. "Asali ni sukari nyingi iliyobebwa na maji machache, kupita uwezo wake. Kukiwa na joto yanastahimili. Baridi ikija mzigo unayashinda, sukari inaanza kutoka. Ila haitoki ovyo, mama. Inatafuta mahali pa kushika. Chembe ya chavua, kipande cha nta, au punje nyingine ya sukari iliyokwisha ganda. Ya kwanza ikikaa, inayofuata inajipanga ubavuni mwake kwa mpango uleule, na nyingine vivyo hivyo. Punje za namna hiyo tunaziita fuwele."

"Na mbegu yangu?"

"Unazipa mahali pengi pa kushika kwa wakati mmoja. Kwa hiyo zinakuwa nyingi na ndogo sana, ulimi hauzisikii. Ungeiacha yenyewe, zingeanza chache na kukua kubwa. Hata yale mawe meupe yanayong'aa mnayoyaokota mtoni ni fuwele. Yalikua chini ya ardhi, kwenye maji ya moto yaliyokuwa yakipoa polepole, miaka isiyohesabika."

"Mama mkwe alikuwa akisema asali mpya haijui kulala mpaka ilazwe na iliyokwisha lala," Rosa alisema.

"Ni hivyo hivyo," alijibu Abbasi, akitabasamu.

Ange aliinua macho kutoka kwenye ndoo. "Na joto likirudi?"

"Zinaachana. Inarudi kuwa ya maji."

Abbasi aliendelea kumtazama Ange baada ya jibu kwisha, naye Ange akaendelea kukoroga ndoo iliyokwisha korogeka. Rosa aliliona hilo, akaifunga chupa ya mbegu.

Baadaye Abbasi na Ange walifunga ndoa ya bomani, Kasulu, kwa kuwa mwanamume alikuwa Mwislamu na Ange Mkatoliki. Tharsisi alisusa kidogo, kisha akavaa koti lake la Jumapili akaenda. Haukupita muda mrefu, mama yake Abbasi akapooza upande mmoja, na mtoto wa kiume alikuwa yeye peke yake. Akaomba uhamisho arudi Lindi, akapewa. Rosa alitenga mbegu kidogo katika chupa nyingine, akamfungia Ange katika kanga mbili.

"Utaigandisha huko."

"Nitaigandisha, mama."

Simu ya kwanza kutoka Lindi ilikuwa na kelele za upepo. Ange alisema wamefika salama, mama mkwe wake anakula vizuri, nyumba ina bati na joto lake halielezeki. Kisha akapunguza sauti, akiita asali kwa lugha ya nyumbani. "Ubuki umelegea, mama. Juu maji, chini chembe chache. Nimejaribu kuuweka chini ya mtungi, wapi."

"Kuleni tu," Rosa alimwambia. "Imeumbwa iliwe."

Lakini alipokata simu aliingia chumba cha baridi akakaa juu ya gogo. Hapo ndipo alipofahamu alichokuwa akikitafuta mama mkwe wake alipofumba macho. Zamani alidhani ni utamu.

Kila msimu alituma ndoo ndogo kwa basi, na kila msimu ikafika imelegea. Ange akazaa mtoto wa kike, Shamimu. Rosa alimjua kwa picha za simu na kwa kilio kilichosikika nyuma ya maneno ya mama yake.

Mwaka mmoja, mvua zikielekea kukatika, Rosa akashikwa na kichomi. Alilala wiki nzima, kifua kinamchoma kila akivuta pumzi, na katika homa akawa anamwita Ange alete maji. Tharsisi, ambaye hakuwahi kupika hata uji, alihangaika peke yake. Aliambiwa na jirani ampe asali katika maji ya moto. Alitafuta ndani akaona chupa moja, asali yake imeganda nyeupe. Akaitumbukiza yote kwenye sufuria ya maji yanayochemka hadi ikawa ya maji kabisa, akamnywesha mkewe asubuhi na jioni.

Rosa alipopata nguvu za kuinuka alikwenda chumba cha baridi. Aliikuta chupa ya mbegu imewekwa mahali pake, imepanguswa vizuri, na ndani yake asali inayotiririka, ya rangi ya chai.

"Baba Ange, hii uliipasha moto?"

"Nilikuwa nakuponya," alisema Tharsisi. Halafu akauona uso wake. "Mama Ange. Nimefanya nini?"

"Umeniponya," alisema Rosa.

Hakumweleza siku ile. Tharsisi alielewa mwenyewe baadaye, kwani mama huyo alikuwa wake, na alisafiri na kibuyu kile akiwa mgongoni. Alikwenda msituni akashinda huko.

Asali ya msimu huo ilikosa mbegu. Ndoo za kwanza zikaganda kwa kuchelewa, tena kwa chembe kubwa zinazokwaruza ulimi. Rosa alimpigia Abbasi.

"Chukua hiyo hiyo yenye chembe kubwa, mama," alisema Abbasi. "Isage kwenye jiwe la kusagia, polepole, pasipo joto. Kila fuwele ikivunjika inakuwa vianzio vingi. Hiyo ni mbegu."

"Itakuwa ile ya mama?"

"Sukari haina kumbukumbu, mama. Siwezi kukudanganya. Itakuwa laini kama ile, lakini ile imekwisha."

"Asante kwa kusema kweli, mwanangu."

Alisaga alfajiri tatu mfululizo, jiwe likiwa bado baridi, na alipokuwa akisaga aliyataja majina ya vijito kwa sauti. Akaikoroga katika ndoo zilizokuwa bado za maji, nazo zikaganda nyeupe, laini. Wateja wake wa soko la Buhigwe hawakuona tofauti.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, Ange alikuja na mtoto. Shamimu aliogopa baridi, akakaa ndani ya kanga ya bibi yake siku nzima. Rosa alimwekea asali kwenye kijiko. Mtoto aliifungia mdomoni, akatulia.

"Bibi, inaondoka," alisema.

"Wapi?"

Akafungua mdomo kumwonyesha kuwa hamna kitu.

Walikaa wiki mbili zilizopita kama alasiri moja. Katika stendi ya Kasulu, Ange alimshika mama yake mikono yote miwili.

"Njoo Lindi, mama. Hata mwezi mmoja."

"Na ndoo nani atazikoroga?"

Ange akapanda na mtoto. Basi likaondoka, na Rosa akabaki amesimama, mkono mmoja bado umekunjwa kama umempakata mtu.

Alifika nyumbani jua limekwisha simama utosini. Mlango wa chumba cha baridi ulikuwa wazi. Ndani, Tharsisi alikuwa ameinamia ndoo, mwiko mkononi, mikono ya shati imelowa asali hadi kwenye viwiko.

"Unakoroga kama unapika ugali," Rosa alimwambia. "Taratibu. Usiingize hewa."

Tharsisi akamnyooshea mwiko. Rosa hakuupokea. Alivuta gogo, akakaa karibu naye, akavua viatu vya safari.

"Endelea, baba Ange," alisema. "Ujifunze vizuri. Mwakani mwezi huu sitakuwapo, nitakuwa Lindi."