Chetezo na Sanduku la Hewa

Sanduku la hewa lilikuwa juu ya dari ya ukumbi katika nyumba yetu ya Nizwa, na kulisafisha ilikuwa kazi yangu. Sikumbuki nani alinipa kazi hiyo. Mume wangu anasema niliitaka mwenyewe, na huenda ni kweli. Yeye alifanya kazi kwa mkandarasi wa majumba. Sanduku lenyewe alilitoa huko, baada ya mwenye jumba moja kubadili mawazo asilitake tena, na mume wangu akaja kulifunga kwetu kwa ajili ya mama yake.

Mama mkwe wangu alikuwa na pumu. Aliishi peke yake Ibra, katika nyumba aliyoipenda, mpaka kifua kilipomzidi tukamchukua. Chumba chake kilikuwa cha kufunga madirisha mchana kutwa kwa ajili ya kiyoyozi, na daktari akasema hewa ile ile ikizunguka haimfai.

Nitaeleza sanduku lilivyofanya kazi kama nilivyoelewa, na aliyesoma zaidi yangu anisamehe nikikosea. Lilikuwa na feni mbili. Moja ikivuta hewa nzito kutoka chumbani kwa mama na majlisi, sebule yetu ya wageni, kupitia matundu yenye wavu chini ukutani, ikaitupa nje. Nyengine ikileta hewa ya nje. Hewa hizo mbili zilipishana ndani ya kiini cha karatasi ngumu bila kuchanganyika, na hewa iliyokuwa ikitoka ikaiachia iliyokuwa ikiingia ubaridi wake. Nyumba ikapata hewa mpya bila kuwa tanuri.

Kulisafisha si kazi ngumu. Unalizima, unapanda ngazi, unafungua kifuniko, unatoa machujio mawili. La upande wa nje lilikuja na vumbi la rangi ya mchanga, na baada ya siku za upepo lilikuwa zito kama mkate. Nililivuta vumbi kwa mashine, nikaliosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, nikalianika kivulini. Kiini sikukitia maji kabisa. Nilikipitishia brashi laini tu.

La upande wa ndani ndilo lililokuwa na maneno. Lilitoka la kahawia, linanata, na nilipoliosha bafu zima lilinukia harusi. Ulikuwa udi wa mama.

Mume wangu alimwambia kwa upole, "Mama, daktari kasema moshi basi."

"Daktari wako kijana. Miye nafukiza tangu sijaolewa."

"Lakini kifua, mama."

"Kifua changu, au chako?"

Sitaki kumwonea yeyote hapa. Mume wangu hakuwa na ubishi, alikuwa na hofu. Alishawahi kumwona mama yake akitafuta pumzi hadi midomo ikabadilika rangi. Na mama naye hakuwa mkaidi wa bure. Kwetu mgeni wa kike haondoki hivi hivi. Akishasema anakwenda, huletewa chetezo cha makaa na udi, akafukiza buibui na mtandio, atoke ananukia nyumba aliyotoka. Mwenye nyumba ndiye anayekizungusha chetezo. Ukimwachia mgeni aondoke bila hilo, ni kama umemwambia asirudi.

Siku moja walikuja wageni kutoka Samail. Wakati wa kuaga mama akazungusha chetezo, na moshi, badala ya kupanda kwenye nguo zao, ukalala ukaenda zake moja kwa moja kwenye tundu la ukutani. Tuliuona sote. Mgeni mmoja, mtu wa mzaha, akasema, "Bi mkubwa, udi wako una haraka, unatutangulia mlangoni!"

Wakacheka, mama naye akacheka. Walipoondoka akakaa kitako juu ya zulia na chetezo mbele yake.

"Nirudisheni Ibra," akasema. "Nyumba hii inanilia udi wangu mbele ya watu."

Mume wangu alipoambiwa hakulala vizuri. Ibra angekuwa peke yake, na akibanwa usiku hakuna wa kumpakia garini.

Wiki zilizofuata mama hakusema tena habari ya Ibra, nami nikadhani imepita. Lakini nyumba ilianza kuingia joto. Nikapanda ngazi, nikatoa machujio. La ndani lilikuwa jeupe, safi. Kwanza nilifurahi. Kisha nikaingiwa na shaka: chujio lisiloshika kitu, basi hakuna kinachopita. Nikachukua karatasi laini nikaenda majlisi kuona kama tundu linaivuta. Tundu sikuliona. Takia kubwa limeegemezwa pale, limekandamizwa vizuri. Chumbani kwa mama, wavu ulikuwa umezibwa kwa kanga iliyokunjwa. Feni ya kutolea ilikuwa haivuti kitu, na hewa ya nje ikiingia na moto wake.

Mama alikuwa kitandani akinitazama.

"Umeiona," akasema.

"Nimeiona, mama."

"Utamwambia mwanangu?"

"Akiniuliza, nitamwambia. Lakini mama, unahema."

Alikuwa anahema kweli. Akasema polepole, "Miye nnajua moshi unanidhuru. Si mtoto. Lakini mgeni akitoka kwangu hanukii, mimi nani humu? Mgonjwa wa chumba cha nyuma."

Nilisema lililonijia: wageni wakiaga, nilizime sanduku kwa muda ule, yeye akae chumbani mlango umefungwa, na chetezo nikizungushe mimi, kule barazani wanapovaa viatu. Niliposema tu nilijuta, kwani nilikuwa namwomba anipe kazi ya mwenye nyumba. Mpaka leo sina hakika kama ilikuwa haki.

Aliitazama mikono yangu.

"Wewe huwezi," akasema. "Unatia makaa mengi."

"Nifundishe."

Akanifundisha, makaa bila ya udi: mkono uwe chini, uanze na mkubwa wao, usimharakishe mtu.

Wageni waliofuata waliagana naye chumbani. Mimi nikazima swichi, nikafunga mlango wake, nikazungusha chetezo barazani. Mara sauti yake ikatoka nyuma ya mlango.

"Ongeza! Hata huku haunukii!"

"Bi mkubwa, tumeshajaa," mgeni akajibu kwa kicheko. "Tutanukia mpaka Izki!"

Walipokwenda nikawasha sanduku, nikamfungulia. Alikuwa ameshaitoa kanga kwenye wavu, anaikunja upya.

"Mwambie mumeo Alkhamisi anipeleke Ibra," akasema.

"Kukaa, mama?" nikauliza.

"Nikachukue cherehani yangu na mapazia. Haya yenu hayana sura."