Mguu wa Kushoto wa Shemeji

Wiki zile shemeji yangu alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Asubuhi unamkuta yadini ameshika ufunguo, anahangaika na mlango wa gari ambalo si lake.

"Nani amebadilisha kufuli hii?"

"Shemeji, hilo ni langu. Lako lile pale, lenye turubai la kijani."

Anarudi nyuma hatua kadhaa, anatazama namba, anatazama ufunguo, kisha ananitazama mimi kana kwamba ndimi niliyeyahamisha magari kumkomoa.

Kusema haki, gari lile lilikuwa lake. Alilishika tangu kampuni ilipolileta, hakuna mtu mwingine aliyethubutu kulikalia usukani. Siku giaboksi ilipovunjika, vipuri vikachelewa, msimamizi wa magari akampa jingine apelekee saruji kwa muda. Gari lake lilipopona, yeye alikuwa njiani, mzigo unangoja, na dereva aliyekuwa karibu ni mimi. Ndivyo nilivyomrithi mume wa dada yangu akiwa hai.

Kazini wanamwita Mkufunzi. Wengi wetu tulijifunza gari kubwa tukiwa tumekaa kando yake, tukitukanwa kwa adabu. Ukipitisha gia vibaya, anakuuliza kama kwenu mnafungua milango kwa mateke. Na somo lake kubwa lilikuwa klachi. "Kila mguu una kwao," alikuwa akituambia. "Wa kushoto ukimaliza kazi, urudi sakafuni. Ukiulaza kwenye pedali unaichoma klachi kidogo kidogo, na klachi haikuambii kitu. Utasikia harufu ikiwa imeshakufa."

Sasa fikiria aibu yake. Gari lile la saruji lilimfia mlimani. Injini inanguruma, magurudumu hayaendi, ikabidi avutwe mpaka yadini kama mbuzi aliyegoma. Klachi imeungua. Wakampa jingine, akapakia mabati, nalo likamfia hivyo hivyo kabla hajalizoea. Fundi alipoitoa pleti ya klachi akaishika mbele ya watu, imekwisha, imekuwa nyembamba na nyeusi.

"Hizi hazikufa kwa uzee," akasema fundi. "Zimeuawa na mguu."

Tulicheka. Mkufunzi hakucheka.

"Mguu wa nani?"

"Mimi sikuwemo garini, mzee wangu. Ila mganga hajigangi."

Msimamizi hakuwa na muda wa methali. Alimkabidhi ufunguo wa gari la tatu na kumwambia kwa upole, upole ule unaouma kuliko matusi, "Mzee, sina ugomvi na wewe. Lakini hili nalo likikufia, sitaweza kukutetea. Utarudisha ufunguo, utakaa pale getini ufungue na kufunga."

Jioni dada akanipigia simu. Hata salamu hakunipa. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Mtu analalamikia maadui, kumbe gari lake liko kwa ndugu wa mkewe." Nikaenda, maana dada yangu usipomwendea yeye hukujia.

Nilimkuta shemeji sebuleni, kwenye kiti cha mbao, mikono imeshika usukani usiokuwepo, miguu inakanyaga zulia. Watoto walikuwa wanafanya kazi za shule mezani, wameshazoea. Aliponiona hakuona haya hata kidogo.

"Nimerudia kila kitu," akasema. "Naondoka na gia ndogo. Naachia taratibu. Mguu unashuka chini. Kosa liko wapi?"

"Labda klachi zenyewe ni za bandia," nikasema, ili niseme kitu.

"Mbili mfululizo? Na zenu mbona haziungui?" Akakanyaga zulia tena. "Labda fundi ananitaka ubaya. Au mzigo unapimwa vibaya. Au ni mimi, shemeji? Niambie. Labda ni mimi na sijui."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimechanganyikiwa. Gari lake halikuwa na tatizo lolote mikononi mwangu, isipokuwa lilinichosha mguu. Pedali yake ya klachi ilikuwa imelegea, inashuka mpaka katikati bila kushika kitu, ndipo inaamka. Nilidhani ni uzee wa chuma, nikaizoea, nikasahau.

Safari ya kwanza ya gari la tatu ilikuwa ndefu, na msimamizi akaagiza twende wawili. Nadhani alitaka shahidi. Mkufunzi aliendesha kama mtu anayebeba mayai. Gia zake zilikuwa safi, mpaka nikaona fundi amemwonea. Tulipofika kwenye barabara iliyonyooka akaanza kupumua, akawa ananieleza jinsi madereva wa leo wanavyoua magari. Chupa yangu ya maji ikaanguka na kubingiria kuelekea kwake. Nikainama kuiokota, na pale chini nikauona mguu wa kushoto.

Ulikuwa juu ya pedali. Umetulia kabisa, umelala kama paka jikoni.

Nilikaa sawa, nikafungua chupa, nikanywa maji ambayo sikuyahitaji. Utamwambiaje mtu jambo alilokufundisha yeye? Lakini kila dakika niliyomstahi ilikuwa inamsogeza getini.

"Shemeji, mguu wa kushoto uko wapi?"

"Uko kwao."

"Una hakika?"

"Unaniuliza mimi? Nani alikufundisha?"

"Ni wewe. Uangalie tu."

Akatazama chini kwa haraka, akarudisha macho barabarani, akatazama tena. Kisha akawasha taa ya pembeni, akaliweka gari kando ya barabara, akazima injini. Aliuinua ule mguu kwa mikono miwili, akaushusha sakafuni.

"Sikuuweka mimi pale," akasema.

"Najua."

"Nakuapia, shemeji. Nilikuwa nauhisi uko chini."

Nikamweleza habari ya pedali ya gari lake, kwamba imelegea kiasi kwamba mtu anaweza kuulaza mguu pale mwaka mzima na klachi isijue. Magari haya mengine yanashika ukiyagusa tu. Alinisikiliza huku akitikisa kichwa, si kwa kukataa, ila kama mtu anayehesabu na hesabu haitoki. "Kwa hiyo miaka yote nawafundisha…" akaanza, asimalize.

Tulipoondoka, mguu ulirudi juu wenyewe kabla ya kona ya kwanza. Ikabidi avue kiatu cha kushoto, ili unyayo ukigusa chuma ushtuke. Alivuka milima yote hivyo, mguu mmoja na kiatu, mwingine peku, na mimi nikiuchungulia kama askari. Klachi haikunuka.

Yadini fundi alizunguka gari, akanusa, akanyanyua mabega. Msimamizi akasema, "Endelea nalo, mzee." Getini atakaa mtu mwingine. Nilifurahi mno, nikamwambia shemeji nitaomba tubadilishane ili alichukue gari lake.

"Hapana," akasema. "Lile lilikuwa linanisitiri tu."

Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari, anavaa kiatu. Alikaa na kamba mkononi muda mrefu bila kuifunga.

"Shemeji, dada yako hunilalamikia kwamba nikiwa nyumbani siongei na watoto. Mimi humbishia. Namwambia naongea nao kila siku, na mbele yako naweza kuapa." Akaniinulia macho. "Wewe huja pale kwetu. Umewahi kunisikia?"

Nilitafuta hata siku moja ya kumtajia, nikakosa.