Mguu wa Kwanza wa Mjomba Khuê

Fataki za mwaka mpya zilikuwa zimekwisha kulia jiji zima la Hải Phòng, Vietnam, na Mama Quyết bado amekaa nje, kwenye ngazi za nyumba yake mwenyewe, akingoja habari za kaka yake. Simu ya Khuê haipatikani.

Kwao, wa kwanza kuingia nyumbani mwaka mpya ndiye huleta bahati au mkosi wa mwaka mzima. Mwaka uliopita aliyetangulia alikuwa shemeji yake, tena mbio, akitafuta choo. Kufikia mwezi wa tatu kibanda cha Mama Quyết cha supu ya tambi kikafungwa. Sasa alikuwa karibu kukifungua upya, na hakutaka mchezo: wa kwanza kuvuka kizingiti awe Khuê, mwenye nyota njema. Mwanawe Quyết, fundi wa kompyuta, akaweka kitasa cha umeme kinachotii makubaliano yaliyoandikwa kwenye mtandao. Saa sita usiku wote walitoka nje kutoa sadaka, mlango ukajifunga nyuma yao.

"Fungua basi, mwanangu. Mizimu ya wazee wetu madhabahuni ina njaa."

"Siwezi, mama. Makubaliano hayako mikononi mwangu. Nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta duniani, na zote zinasema: saa sita ipite, mjomba athibitishe kwa simu yake akiwa hapa mlangoni, ndipo kitasa kifunguke chenyewe. Hakuna wa kumbembeleza."

"Na mjomba wako akilala njiani?"

"Hilo... sikuliandika."

Jirani yao Lụa alicheka mlangoni kwake mpaka akajishika mbavu.

Mara Khuê akatokea na pikipiki, ananukia pombe ya mchele. "Nimepiga picha fataki mpaka simu imezima!"

"Chaji ninayo, kaka Khuê," Lụa akasema kwa sauti ya asali. "Ila waya mfupi. Karibu ndani. Kwangu hajaingia mtu bado."

Mama Quyết akaruka. "Mwizi wa bahati wewe! Pokea simu uchomeke!"

"Mwaka mpya sipokei kitu cha mtu, mwiko. Aingie mwenyewe."

Mama Quyết alichungulia dirishani kwake. Ubani wa madhabahuni ulikuwa unakaribia kuisha.

"Mguu mmoja!"

"Miwili."

"Mmoja, Lụa, ama tunakuja kulala ngazini kwako, na Khuê anakoroma!"

"Haya, mmoja. Lakini wa kulia."

Khuê akasimama kama korongo, mguu ndani, mguu nje, mkono umenyooka hadi kwenye soketi. Mama Quyết aliinama kukilinda kile kiatu cha kushoto kisivuke kizingiti. "Kaka, usipumue!"

Simu ikawaka. Khuê akarudi mbio, akabonyeza. Kitasa hakikufunguka papo hapo: kompyuta za dunia zilipaswa kwanza kukubaliana.

"Zinabishana juu ya ule mguu?" Mama Quyết akanong'ona.

Kitasa kikalia, mlango ukafunguka. Akamsukuma kaka yake mgongoni kwa nguvu zote.

"Miwili, kaka! Yote miwili!"