Fundi Aliyekuja Kabla ya Noeli

Bwana yangu alipokufa nilivaa nguo nyeusi mwaka mzima. Kisha familia yake wakanivua kwa maombi na chakula, wakaniambia sasa naweza kuvaa rangi. Sikujua kama nilitaka. Nilikuwa na watoto wawili wa kike na meza ya kuuza ndagala, samaki wadogo wa ziwa, sokoni. Niliendelea kuvaa vikwembe, vitenge vya rangi ya udongo, vile ambavyo hakuna mtu anayegeuka kuviangalia.

Baadaye ziwa likapanda. Hapa Uvira wengi walipoteza nyumba nzima. Sisi maji yalifika kwenye ukuta wa nyuma tu, yakala matofali ya chini polepole, na siku moja mvua kubwa ikaulaza. Tulikuwa kanisani. Tuliporudi tulikuta vitanda vyetu vinatazama ziwa. Nikatundika shitingi ya plastiki mahali pa ukuta, tukalala hivyo kwa majuma mengi, mpaka mama mmoja wa korale, kwaya tunayoimba kanisani, akaniletea fundi wa kujenga kutoka Makobola. Alikuwa mwanamume mpole, mrefu, mwenye mvi chache. Mke wake alikuwa amekufa zamani kwa uzazi.

Siku ya kwanza alizunguka kile kilichobaki cha ukuta, akagonga matofali kwa mwiko wake, akatikisa kichwa.

"Mama, huyu aliyejenga hapa alikuwa anaharakisha kwenda kula."

Nilicheka. Kicheko kilinitoka kwa nguvu, kikubwa, cha tumboni, mpaka nikashika nguzo. Sikuwa nimecheka hivyo tangu kilio. Binti yangu mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo ya maji.

"Ni papa alijenga," akasema.

Ilikuwa kweli. Bwana yangu alikuwa mwalimu. Ukuta ule aliujenga mwenyewe wakati wa likizo, na nilimpelekea maji kila siku, nikiwa na mimba ya huyo huyo aliyesimama na ndoo. Nilienda jikoni nikainamia moto ili moshi uwe sababu ya machozi yangu. Kutoka pale nilimsikia fundi akimwambia mtoto, "Unisamehe. Nimesema vibaya." Halafu: "Hii kona ya papa yako iko nguvu. Tuiache?" Sikusikia jibu, lakini kona ile haikubomolewa.

Kazi ikaenda. Alikuwa anakula nasi saa sita. Alikuwa anaomba kuongezewa sombe, yale majani ya muhogo, na mimi nilikuwa nimesahau jinsi inavyofurahisha mtu kuomba kuongezewa. Mimi, niliyekuwa naenda sokoni na uso mkavu, nikaanza kupaka mafuta asubuhi. Nikatoa kikwembe cha njano kutoka chini ya sanduku, nikakivaa kwenda kununua vitunguu tu. Jirani akaniangalia kutoka miguuni mpaka kichwani, akasema, "Noeli imefika mapema kwako." Nikarudi nyumbani nikakivua. Kesho yake nikakivaa tena.

Ukuta ulikwisha juma moja kabla ya Noeli. Akarudi na chokaa, bila kuitwa, akapaka nyumba yote, hata mbele ambako hapakuwa na shida. Sote tulijua kwamba hiyo siyo kazi. Alipomaliza, akiwa amejaa matone meupe mpaka kwenye nyusi, aliniuliza kama nitaimba siku ya sikukuu. Nikamwambia nitaimba. Akasema, "Basi nitakuja kusikia."

Alikuja. Alikaa benchi la nyuma, na mimi niliimba nikiangalia dari. Baada ya ibada tulikula kwangu, wali na samaki mukeke wa kukaanga. Alionja, akasema, "Weye, chumvi iko sawa kabisa."

Binti yangu mdogo akaacha kutafuna. "Mama, juu ya nini fundi anakuita weye?"

Mpaka siku ile alikuwa akiniita mama, kama watu wote; weye ni ya watu wa nyumba moja. Yeye mwenyewe hakuwa ameona neno lilivyobadilika mdomoni mwake. Dada mtu akainua sahani yake akaenda kumalizia chakula nje. Nilimwongezea mdogo samaki ili anyamaze. Uso wangu ulikuwa unawaka.

Siku ya Bonane, mwaka mpya, mama mkwe alifika kutoka Nyakabere na mchele na kuku. Tulimtarajia jioni, alifika kabla ya saa sita. Fundi alikuwa amekaa sebuleni na shati lililopigwa pasi, na binti yangu mdogo amemwegemea magotini akimwonyesha viatu vyake vipya. Mama mkwe akasimama mlangoni na kuku chini ya kwapa.

"Huyu ni nani?"

Nilifungua kinywa. Sijui ningesema nini. Fundi akawa amekwisha kusimama.

"Minye ni fundi tu, mama. Nilikuja kuona kama chokaa imekauka."

Akamwinamia, akapita pembeni yake, akaenda. Chokaa ilikuwa imekauka siku nyingi. Watoto walikuwa wanaiegemea. Kinachonitesa mpaka leo ni kwamba nilishusha pumzi. Nilifurahi ameenda. Nilimwacha mtu aliyevaa vizuri kwa ajili yetu atoke kama mtu aliyekuja kuiba, na moyo wangu ukatulia.

Tulimnyonyoa kuku uani, mama mkwe na mimi, juu ya beseni moja.

"Fundi anavaa shemisi ya pasi kuangalia chokaa?" akauliza.

Nikainamia beseni.

"Mutoto mukubwa aliniambia kwa telefone tangu Noeli."

"Mama, unisamehe."

"Nikusamehe nini? Mutoto wangu alikufa. Weye haukufa, najua hiyo. Lakini ukinificha, ni kama minye ndiye nilikufunga." Akang'oa manyoya kwa hasira. Halafu akalia, bila kufuta machozi kwa sababu mikono ilikuwa imelowa. "Usiniombe tu nimupende leo."

Kesho yake nilipanda pikipiki kwenda Makobola, mchana kweupe, na kikwembe changu cha njano. Nilimkuta kwa dada yake, anapanga matofali juani. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa kunyamaza.

"Sina hasira," akasema. "Niliona haya tu. Nilijiona kama muntu aliyeingia nyumba ya watu kwa dirisha."

Hakunishika mkono, wala mimi sikumshika. Dada yake alituletea mihogo na karanga, tukala tukiangalia chini. Mwishowe akasema, "Nitakuja kwa mulango. Mbele ya watu wako wote."

Alitimiza. Kabla ya Pasaka alienda na wazee wake mpaka Nyakabere. Mama mkwe aliwapa viti na maji, akamsalimia kila mmoja kwa mkono, fundi wa mwisho. Leo tumekwisha kufunga ndoa. Mdogo anamwita papa. Mkubwa anamwita fundi, na yeye anaitika yote mawili kwa sauti moja.

Haya yangu haijaisha. Jioni nikimsikia akisafisha koo uani nafurahi, na papo hapo uso unapata moto, kana kwamba kuna mtu ameniona. Juma lililopita nilikuwa nachambua mchele nikiimba, na sikujua kwamba naimba. Binti mkubwa akatokea mlangoni. Nikakatiza. Hakuniambia niendelee, wala hakuondoka. Alikaa mkekani, akavuta nusu ya mchele upande wake, tukachambua pamoja mpaka ukaisha.