Kerubo Anatimiza Miaka Minne

Kwa miaka miwili Thadeus Nyasani, mpakiaji wa ndizi pale Keumbu, ndiye mwanamume pekee aliyeleta mtoto kila asubuhi kwenye kituo cha kulelea watoto nyuma ya soko. Mwanzoni akina mama walimcheka kidogo, jinsi alivyombeba bintiye Kerubo begani kama mkungu. Baadaye waliacha. Walijua kwamba mkewe, Purity, alifariki mtoto akiwa na miezi saba.

Kituo kile kiliwasaidia watu wa soko. Mzazi alichangia kidogo tu, pesa ya uji na chakula cha mchana, na sehemu kubwa ya gharama ikalipwa na kaunti. Lakini msaada huo ulikuwa na mwisho wake. Mtoto akitimiza miaka minne, jina lake linatolewa kwenye rejista, kwa sababu umri huo ni wa kwenda nasari. Nasari nayo inaandikisha watoto mwezi wa Januari, na Kerubo alizaliwa tarehe tisa Mei.

Mwalimu Bitutu, mlezi mkuu wa kituo, alimkumbusha tangu Machi.

"Baba Kerubo, umeanza kufikiria?"

"Nafikiria, mwalimu."

Kusema kweli hakuwa anafikiria, alikuwa anaogopa. Aliwahi kwenda kwa mama mmoja aliyelea watoto katika chumba cha kupanga karibu na soko. Alikuta mlango umefungwa kwa kufuli kutoka nje, na ndani watoto kumi na mmoja wakilia. Mama mwenyewe alikuwa amekwenda kununua unga. Thadeus alisimama pale hadi aliporudi, kisha akaondoka bila kuuliza bei.

Mwishoni mwa Aprili habari zikaja kwamba Jumanne afisa wa kaunti atafika kulinganisha rejista na vitabu vya kliniki. Jumatatu asubuhi, baada ya kumwogesha Kerubo, Thadeus alichukua kalamu ya wino wa buluu, na kwenye tarehe ya kuzaliwa katika kitabu chake cha kliniki akaifanya ile moja ya mwisho ya 2021 kuwa mbili. Aliiangalia kwa mbali, kisha kwa karibu. Ilikuwa mbili kabisa. Kerubo sasa alikuwa anaelekea kutimiza miaka mitatu.

Jumanne wazazi walipanga foleni. Afisa, mama mmoja mpole mwenye miwani, alikaa kwenye meza uani. Mwalimu Bitutu alikuwa akipokea vitabu, anavipitia, kisha anampa. Zamu ya Thadeus ilipofika, alimpa kitabu kikiwa wazi ukurasa wa kwanza.

Bitutu alisoma ukurasa wa kwanza. Kisha akafunua wa pili, ukurasa wa chanjo, ambao Thadeus hakuwa ameufikiria hata kidogo. Aliona kidole cha mwalimu kikishuka taratibu, kikasimama. Chanjo ya wiki sita: Juni 2021. Kwa kitabu kile, Kerubo alidungwa sindano karibu mwaka mzima kabla ya kuzaliwa.

Bitutu hakuinua macho. Foleni nyuma ilikuwa inapiga gumzo la bei ya mboga.

"Anayefuata?" afisa akauliza, mkono umenyooshwa tayari.

Bitutu akakifunga kitabu. "Huyu ana shida kidogo na kitabu chake. Nitamshughulikia mwenyewe."

Akamwongoza Thadeus hadi kwenye mfereji, na hapo akaacha Kiswahili, akamsemesha kwa Kigusii, sauti chini lakini kali.

"Unajua ningempa hiki kingetokea nini? Wangerudi kukagua vitabu vyote. Wangesema tunaficha watoto hapa. Kuna watoto thelathini na wawili ndani, Baba Kerubo."

"Mwalimu, nimpeleke wapi?"

"Sijui."

"Nimpeleke wapi?"

"Sijui! Ningejua, ningekuambia." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hilo lilimuumiza Thadeus kuliko maneno. Alimrudishia kitabu. "Tarehe tisa ni Ijumaa. Mpaka siku hiyo ni wangu. Baada ya hapo, jina nitalifuta kwa mkono huu."

Na akalifuta.

Jumatatu iliyofuata Thadeus alimpeleka Kerubo uwanjani, mahali malori yanapopakiwa ndizi za kwenda Nairobi. Alimtengenezea kiti cha majani makavu ya migomba ukutani, akampa hindi la kuchemsha, akamwambia asiondoke hapo. Siku tatu zilipita salama. Kila alipotua mkungu aligeuka kumtazama, na wenzake walilalamika kwamba kazi inachelewa.

Siku ya nne mvua ikanyesha. Lori la pili lilikuja kabla ya la kwanza kujaa, na dereva wake, Zachariah, mtu waliyefahamiana miaka mingi, akaanza kurudi nyuma alitie chini ya paa. Utingo wake alikuwa juu anahangaika na turubai. Thadeus alikuwa na mkungu begani. Akageuka kama kawaida yake.

Kwenye majani hapakuwa na mtu.

Alitazama mlangoni, kisha kwenye rundo la ndizi. Ndipo akaona gambuti la manjano nyuma ya gurudumu la lori. Kerubo alikuwa amechuchumaa akiokota ndizi mbivu zilizodondoka, na gurudumu linarudi, linateleza kwenye matope, linarudi tena.

Alipiga kelele. Mvua juu ya mabati ikazimeza. Kukimbia asingefika. Akautupa mkungu kwa nguvu zake zote kuelekea mlango wa dereva. Uligonga kioo cha pembeni kikapasuka, na lori likasimama kwa kishindo.

Kati ya gurudumu na mgongo wa mtoto palibaki shubiri moja.

Kerubo alisimama akamtazama baba yake kwa hasira. "Baba, umeharibu ndizi."

Zachariah alishuka akiwa na matusi mdomoni, akaona, akanyamaza. Aliketi papo hapo kwenye matope, kofia mkononi. Kioo hakukitaja.

"Thadeus," alisema baadaye, "ukimleta tena hapa mimi sipakii. Nitaenda kwingine. Usinifanyie hivyo, ndugu yangu."

Kesho yake Thadeus alikwenda Nyaramba na Kerubo. Huko aliishi mama mkwe wake, Nyakerario, na walikuwa hawajasemezana tangu mazishi. Siku ile mama huyo aliomba abaki na mtoto, na Thadeus, akiwa amechanganyikiwa kwa uchungu, alimwambia mbele ya waombolezaji kwamba bintiye hawezi kulelewa na mtu aliyeshindwa kumtunza wake. Hakuwahi kuyafuta maneno hayo.

Alisimama langoni, maana mkwe haingii tu. Nyakerario alitoka kwenye majani chai, kikapu mgongoni, akawatazama kitambo bila kumkaribisha.

"Umemleta nimwone, au umemleta akae?"

"Akae, mama. Ukikubali."

Alikuwa amepanga kueleza habari za kituo na umri. Badala yake akajikuta anasimulia habari ya lori, mpaka kwenye ile shubiri. Nyakerario alishika nguzo ya lango.

"Ulisema mimi nilishindwa."

"Nilikosea. Nilisema mbele ya watu, na mbele ya watu nitasema nilikosea."

Mama akatua kikapu. "Atakaa. Lakini Januari usije kumnyakua. Tutamuuliza mwenyewe anataka kusomea wapi."

Kerubo alilia siku mbili. Thadeus alilia pia, ila yeye peke yake huko Keumbu.

Mwalimu Bitutu naye hakukaa kimya. Aliiandikia kaunti barua kuhusu watoto wanaotimiza miaka minne katikati ya mwaka, na Thadeus alikuwa mzazi wa kwanza kutia sahihi. Jibu lilifika Desemba: kuanzia mwaka unaofuata, mtoto atabaki kituoni hadi nasari ifunguliwe. Kwa Kerubo lilikuwa limechelewa.

Januari walimuuliza. Aliwatazama wote wawili, akasema, "Kwa nyanya." Thadeus aliinamisha kichwa, kisha akaenda kununua sare.

Aliyatamka maneno aliyoahidi, kanisani, baada ya misa, na watu wa Nyaramba wakasikia. Siku hizi anapakia Keumbu kuanzia Jumapili hadi Jumatano. Alhamisi na Ijumaa yuko Nyaramba, anachuma majani chai na mama mkwe wake hadi saa sita, nasari inapotoka. Mapato yamepungua. Huwa anafika kwenye lango la shule nusu saa kabla ya wakati, na walimu wameacha kumuuliza kwa nini.